Tangazo Nililokataa Kusoma

Garsen, Tana River

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Juzi ulinikatia simu kabla hata sijamaliza salamu, kwa hiyo nazianza upya hapa kwenye karatasi, maana barua haina kitufe chekundu cha kubonyeza. Goti lako linaionaje baridi ya mwezi huu? Kifua cha Mama kimetulia? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa, au bado mnamkagua tumbo kila asubuhi? Mimi ni mzima. Joto la huku linanichemsha, na jioni mbu hunikaribisha mezani nikiwa mimi ndiye chakula, lakini ni mzima wa mwili na wa akili. Nasisitiza akili, kwa sababu nasikia huko Wundanyi imeanza kutiliwa shaka.

Najua aliyekupigia simu. Ni Mzee Habuya, mwenyekiti wa kamati ya kanisa la hapa, ambaye mlisoma naye shule ya Biblia mkiwa vijana, na ambaye kwa heshima yako ndiye aliyeniita huku. Amekwambia nimemvunjia heshima mbele ya waumini, na kwamba Jumapili hii nisimame niombe msamaha, la sivyo nifunge virago. Na wewe, bila kuniuliza hata neno moja, ukaniambia nimtii kisha nirudi nyumbani. Nakuheshimu, Baba. Lakini mimi na kaka Mwakio tulipokuwa tukigombana utotoni, hukuwahi kumchapa mmoja kabla ya kumsikia mwenzake. Leo umehukumu kwa kusikia upande mmoja tu, tena kwa simu. Basi vuta kiti, usikie na wa pili.

Uliniuliza jambo kabla ya kukata, na sikupata nafasi ya kulijibu. Ulisema, "Kanisa lina Roho Mtakatifu. Linataka mshauri wa nini?" Umekuwa mwinjilisti maisha yako yote, kwa hiyo nitakujibu kwa Biblia yako mwenyewe. Siku ya Pentekoste Roho alipowashukia, jambo la kwanza alilolifanya ni kuhakikisha kila mtu pale anasikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Hiyo ndiyo kazi yangu, ila mimi sina ndimi za moto, nina simu na viatu vilivyolika kisigino. Naingia kanisani kama mtu wa nje, natazama, nauliza, kisha nawaambia wenyeji yale ambayo macho yao yameyazoea. Wananilipa kwa hilo, ndiyo. Hata mpiga kinanda analipwa.

Na usidhani nilikuta shwari. Matangazo ya Jumapili yalikuwa marefu kuliko mahubiri, yakisomwa na katibu kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. Wazee walisinzia, akina mama walipanga mapishi ya mchana kwa kunong'onezana. Watu wa kijiji cha Hewani walikuwa wakitembea jua kali hadi kwenye ibada na kukuta mlango umefungwa, kwa sababu saa ilibadilishwa na habari ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na wao wengi wana simu za kitochi tu. Kundi lenyewe lilijaa picha za maua ya kuwatakia watu asubuhi njema. Ukutani palikuwa na bango lililotengenezwa na wataalamu fulani waliokuja kabla yangu: familia ya Wazungu wakicheka juu ya nyasi za kijani, wao na mbwa wao, na chini yake "Karibu Nyumbani." Mama Rehema, kiongozi wa akina mama wa kanisa na mwenye nyumba ninayopanga, aliniambia mgeni mmoja aliwahi kumuuliza kama wale ndio wenye kanisa.

Hayo tuliyarekebisha bila vita. Matangazo yakawa machache, nikawa nayasoma mimi huku nikimfundisha katibu kupumua. Habari za Hewani sasa zinapelekwa na akina mama wenyewe, mmoja akimpigia mwenzake, na hazijapotea hata mara moja. Lile bango nilibandua kwa mikono yangu, Mama Rehema akaezekea banda la kuku, kwa hiyo familia ile sasa imekaribishwa nyumbani kweli kweli. Mzee Habuya alinisifu mbele ya watu. Alisema wewe ulizaa mtoto kweli.

Kisha nikafanya lile ninalolifanya katika kila kanisa, nikatoka nje. Kanisa likitaka kuwafikia watu, sharti kwanza lijue watu hao wanalionaje. Nilikwenda sokoni hapa Garsen nikawauliza wasiokanyaga kanisani swali moja tu: ukipatwa na shida, ungewaendea hawa? Mwendesha bodaboda mmoja alicheka. "Hao? Hao wako na mambo yao, madam." Mama Hawo, Mworma anayeuza maziwa karibu na stendi, hakucheka. Alimpimia mteja wake kwanza, akafunika chombo, ndipo akanijibu.

"Kanisa hiyo mimi napita kila siku," alisema. "Spika yake najua. Watu yake sijui."

Niliyapeleka maneno hayo kwenye kamati kama yalivyo. Mchungaji Buya, anayelichunga kanisa hili, aliinamisha kichwa. Mzee Habuya alifikiri kidogo, akasema, "Basi tuongeze spika."

Unaweza kucheka, Baba. Mimi nilicheka, mpaka nilipoona hatanii. Hapo ndipo wazo la krusedi, mkutano wa injili wa hadharani, lilipozaliwa, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza.

Lazima nikueleze kitu ambacho sisi watu wa milimani hatukijui. Huku mashamba yamejipanga kando ya mto, la huyu limeshikana na la yule, migomba na mahindi na miembe. Kati ya mashamba huachwa njia pana ya mifugo kuteremkia majini, nayo huitwa malka. Wapokomo wanalima huku na huku, Waorma wanapitisha ng'ombe wao katikati. Wakati wa mvua malka hukaa tupu hata ukadhani ni uwanja wa mpira. Kiangazi kikikaza kama sasa, ng'ombe hutoka nyika za mbali huko, wamekonda mbavu za kuhesabika, na hawana pengine pa kupita. Mzee Habuya alitaka hema, jukwaa na spika viwekwe palepale, kwenye malka moja upande wa Idsowe.

Wala si kwamba hakujua. Amezaliwa hapo. Alijua, na ndiyo sababu alipachagua. Alituambia kwenye kamati, akitabasamu kama mtu aliyefunga bao, "Ng'ombe lazima wanywe maji. Wakija, wenyewe nao watakuja, na watasikia Neno, watake wasitake. Watakwenda wapi?"

Nikamuuliza ng'ombe wakikurupushwa na spika itakuwaje.

"Ng'ombe ni wao."

"Na mashamba watakayoingia?"

"Mashamba ni ya Mungu," akasema. Mama Rehema, ambaye migomba yake inapakana na malka hiyohiyo, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha homa.

Sitamsingizia mzee wa watu. Ana uchungu wake. Kiangazi kimoja ng'ombe walimmalizia mahindi yote, yamebaki wiki chache avune, na hakuna aliyekuja hata kumpa pole. Aliniambia mwenyewe. Nikamhurumia, na bado namhurumia. Lakini krusedi si jembe la kulipizia kisasi cha mahindi. Na watu wa huku wamewahi kuzikana kwa sababu ya maji na majani, kila familia ina hadithi yake, hawapendi hata kuzisimulia. Mtu akiweka hema juu ya njia ya maji wakati wa kiangazi, hatii injili mle hemani. Anatia kiberiti.

Nilimwambia wazi kwamba huwezi kumhubiria mtu huku umemkalia kwenye maji yake. Akaniambia, "Binti, wewe ni mgeni hapa." Na hapa labda ndipo ulimi wangu ulipovuka mpaka, unaujua ulimi wangu, ni wa Mama. Nilimjibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mlinipa wenyewe, mzee wangu. Mbona mwalia nikilima?"

Kama amekwambia nilisema hivyo, hajadanganya.

Nilimwendea Mchungaji Buya faraghani, maana sikutaka kuruka ngazi. Ni mtu mwema, ila mwema wa kukaa kimya. Alikuna kichwa, akasema, "Dada Wakesho, jambo hili ni zito, tuliweke mbele za Bwana." Nikamwambia tuliweke, amina, lakini mabango yanachapishwa Malindi wiki hii, na Bwana akijibu wiki ijayo atakuta hema limeshasimama. Aliomba, tena kwa machozi. Kisha akaniambia mwenyekiti ni mwenyekiti. Nikakataa kupeleka mabango kuchapishwa. Nilidhani hilo litamtosha mzee aelewe.

Jumapili ile, muda wa matangazo ulipofika, Mzee Habuya mwenyewe alinikabidhi karatasi mbele ya kanisa lote. Nilianza kusoma. Harusi ya fulani, kikao cha akina mama, zamu ya kufagia. Tangazo la mwisho lilikuwa la krusedi, pale malkani, watu wote mnakaribishwa, na washirika waje mapema kufunga njia. Ndivyo lilivyosema, Baba. Kufunga njia.

Nilimtazama mzee, naye alikuwa amekunja mikono, ananisubiri. Alijua mbele ya madhabahu sitathubutu. Alidhani kwa kuwa ni binti yako nitameza.

Sikumeza. Nilisema, "Ndugu zangu, tangazo la mwisho silisomi. Mahali lilipotaja ni njia ya maji. Mliniita niwasaidie msikike. Nikilisoma hili, mtasikika kweli, lakini kama watu walionyima wenye kiu maji, na sauti yangu haitatumika kwa hilo." Nikakunja karatasi.

Mama Rehema alisimama. "Mwenye shamba pale ni mimi," alisema. "Ng'ombe wakitimka kwa hayo makelele yenu, wataingia kwangu, si kwa mwenyekiti. Nani alinitaka shauri mimi?" Mwanamke mwingine akadakia, kisha mwingine, wanaume nao wakaanza kuelekezana vidole, na Mzee Habuya akaja kunipokonya maikrofoni. Tukaivuta huku na huku kama watoto. Hilo sikatai, na halikupendeza, maana nilikuwa nimevaa lile gauni uliloninunulia.

Sasa sikia kitu ambacho nadhani hakukwambia. Spika za nje, zile kubwa za juu ya paa, zilikuwa zimewashwa. Hakuna aliyekumbuka kuzizima baada ya nyimbo. Kila neno, langu na lake, na la Mama Rehema, na lile tusi dogo lililomtoka katibu, lilikwenda hadi sokoni, hadi stendi, hadi kwenye chai ya watu. Miezi yote ile nilijitahidi kanisa lisikike Garsen, na siku tuliyosikika vizuri kuliko zote tulikuwa tukigombana.

Kesho yake, tukiwa tumejifungia tukioneana haya, wazee wawili wa Kiorma waliingia kwenye ua wa kanisa. Mchungaji Buya aliniambia hajawahi kuwaona ndani ya ua huo tangu aletwe hapa. Walikaa kwenye benchi la nje, wakakubali chai, na mmoja akauliza, "Ile mama alikataa kusoma, ndiyo nani?" Nilijitambulisha. Akanitazama, akamgeukia mchungaji. "Spika ikilia pale, ng'ombe inaingia shamba. Shamba ikiisha, sisi na nyinyi tunaanza tena. Sisi hatutaki. Nyinyi mnataka?"

Mchungaji Buya, mtu wangu wa kukaa kimya, alijibu, "Hatutaki." Alilisema kwa sauti, mbele yangu, na Mungu ni shahidi nilitaka kumkumbatia. Wakazungumza hadi jua likapanda. Wakapatana krusedi ifanywe kwenye uwanja wa shule, mbali na maji, na ianze ng'ombe wakishanywa. Wazee wale walisema wao dini yao wanayo na hawatakuja kuhubiriwa, ila ikiwa kuna mambo ya maji na njia za kuzungumza, wataitika. Nami naona huko ndiko kuwafikia watu. Mama Hawo aliponiona sokoni alinimiminia maziwa kidogo juu ya kipimo, akasema, "Leo watu yake najua wawili, wewe na ile mama ya shamba."

Unajua mwenyekiti alifanya nini aliposikia wageni wameingia kanisani kwa miguu yao wenyewe? Alikasirika. Tuliutafuta uenezi wa injili kwa mabango, kwa kamati, kwa kufunga na kuomba. Ulipokuja ukaketi kwenye benchi ukanywa chai, yeye ndiye aliyeukunjia uso, kwa kuwa haukupitia kwake. Jioni ile kamati yake ikakaa bila mchungaji, ikaamua niombe msamaha hadharani. Si kwa ulimi wangu, ambao ningeuombea msamaha hata leo. Nitamke kwamba nilikosea kulikataa lile tangazo, kwamba mtu wa nje hana haki ya kusema njia ya ng'ombe ni ya nani. Nikisema hivyo, mapatano ya uwanja wa shule yamekufa. Hema litarudi malkani, na ng'ombe wako njiani wanakuja.

Kwa hiyo, Baba, msamaha wanaoutaka si wa adabu. Ungekuwa wa adabu ningepiga magoti, nimelelewa na nani?

Nitakwambia linaloniuma, nilimalize. Haikuniuma Mzee Habuya kunifokea. Mwenyekiti kufoka ni sehemu ya kazi. Iliniuma kuisikia sauti yako kwenye simu ikisema, "Mtii mzee, usinitie aibu." Wewe, ambaye ulipokuwa ukihubiri vijijini ulikataa kula nyumba ya tajiri mmoja kwa sababu alikuwa amewafungia majirani zake mfereji. Ulitembea na njaa hadi nyumbani na Mama akakugombeza. Nilikuwa mlangoni nikakusikia ukimjibu kwamba hutakula kwa mtu aliyewanyima wenzake maji. Hukuomba msamaha kwa mtu, na sikumbuki siku niliyojivunia kuitwa mwanao kuliko ile. Sasa unaniambia kwamba yale yalikuwa yako peke yako, mimi niyatazame tu?

Jumapili nitakwenda kanisani. Nitakaa mbele. Wakiniita nisimame nitasimama, nitamwomba Mzee Habuya radhi kwa lile neno la jembe, nimwite baba, maana ni mzee na nilimtolea ukali. Kuhusu tangazo nitasema kama nilivyosema, wala sitapunguza neno. Wakinifukuza, Mama Rehema amesema chumba changu ni changu, na wale akina mama wanaopigiana simu hawahitaji ruhusa ya kamati ili waendelee. Nitafundisha watoto wa jirani, nitauza vitumbua, nitajua la kufanya. Ila sitaondoka Garsen nikiwaacha wadhani nilinunuliwa au nilitishwa.

Baraka zako nazitaka, sitajifanya sizitaki. Ningependa kusimama siku hiyo nikijua uko nami. Lakini ukininyima, nitasimama vilevile. Na Mzee Habuya akikupigia tena, nakuomba kitu kimoja tu kama mtoto wako: usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Mwambie Wakesho ana mdomo wake.

Msalimie Nyanya, mwambie dawa ya macho nitamtumia kwa basi la Voi kupitia kwa binamu Mghoi anayefanya kazi stendi. Msalimie kaka Mwakio, na shemeji Wawuda aliyejifungua juzi. Mwambie mtoto apewe jina lolote ila lisiwe Habuya. Msalimie mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kutumia maikrofoni, ingawa hakunifundisha kuing'ang'ania. Na Mama, mpe salamu zake peke yake, zisichanganywe na za wengine. Nimeambiwa ameshafua shuka za kitanda changu na kuzianika, akiamini narudi wiki hii. Mwambie azikunje, azirudishe kabatini.

Mwanao wa Garsen,
Wakesho